Bila Msaada wa Mtu

Fundi hakupenda namna nesi alivyoshika tepu. Kwa miaka thelathini na mbili yeye mwenyewe alikuwa amewazungushia watu tepu mabegani, vifuani na viunoni, na alijua kwamba tepu haivutwi wala hailegezwi, inalazwa tu mwilini. Nesi huyu aliivuta kana kwamba anafunga mzigo.

"Mwanangu," akamwambia, amesimama kifua wazi mbele ya ukuta wa kliniki, "ukipima suruali hivyo mteja atakurudishia."

"Sipimi suruali, baba. Inama."

"Nimeshainama."

Nesi akaitazama tepu. "Jaribu tena."

"Mama," Fundi akamwita mkewe aliyekuwa kitini karibu na mlango, shati la mumewe mapajani, "mwambie huyu mtoto kwamba hapa ndipo mwisho wa reli."

Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu. Ndivyo walivyokuwa hao wawili. Wakibanwa, wanatania.

Nesi alikuwa amechora alama mbili kiunoni kwa Fundi, kati yake sentimita kumi. Mtu mwenye mgongo mzima akiinama, ngozi hutanuka, na zile kumi huwa kumi na tano. Za Fundi zilifika kumi na moja na nusu. Kisha akamsimamisha visigino na mgongo vikigusa ukuta, akapima kutoka sikioni hadi ukutani, kuona kichwa kimekwenda mbele kiasi gani. Kumi na sita. Akaandika.

Ugonjwa wenyewe ni baridi yabisi ya uti wa mgongo, na usidhani ni ile ya wazee ya kusingizia mvua. Ulimwanza Fundi akiwa kijana, ukampa maumivu ya kiuno yaliyozidi akilala na kupungua akifanya kazi, naye kwa miaka mingi akailaumu cherehani ya watu bure. Ulipokuja kutambuliwa, pingili za mgongo zilikuwa zimeanza kushikamana. Mteja akimwita kwa nyuma, aligeuka mwili mzima kama mlango wa kabati. Mtaani wakamwita Rula. Hakukasirika. Rula, alisema, ni kifaa cha kazi.

Ipo sindano inayoutuliza ugonjwa huo. Pingili zilizokwisha kuungana haizifungui, lakini inapunguza maumivu na kumrudishia mtu asubuhi zake. Sindano zilikuwa chache na wagonjwa wengi, kwa hiyo kliniki ile iliweka mpaka. Mgonjwa alijaza karatasi mbili, na wastani wake ukifika nne au zaidi, anaandikiwa sindano. Chini ya nne, anapewa vidonge na mazoezi, arudi baada ya miezi mitatu.

Karatasi ya kwanza iliuliza uchovu, maumivu na ugumu wa mwili asubuhi. Ya pili iliuliza kazi kumi za mwili: kuvaa soksi, kuokota kalamu sakafuni, kufikia rafu ya juu, kuinuka kutoka sakafuni, kupanda ngazi, kutazama nyuma, na nyingine za namna hiyo. Kila swali lilikuwa na mstari wa namba. Sifuri ni rahisi, kumi haiwezekani kabisa.

"Hii ndiyo shule pekee," mkewe alisema siku ile ya kwanza, wamekaa kwenye benchi la kusubiria, "ambako ukipata mbili kwa kumi unapongezwa."

Yeye ndiye aliyesoma na kuzungushia namba. Pale kwenye benchi hapakuwa na meza, na shingo ya Fundi haikuweza kushuka hadi kwenye karatasi iliyo mapajani.

"'Kuvaa soksi, bila msaada wa mtu,'" akasoma, akainua macho. "Bila msaada wa mtu. Sisi tuna mtu wa kutusaidia?"

"Nani? Binti yako kwake na mumewe. Jirani hatujawahi kumsumbua."

"Haya. Soksi ngapi?"

"Soksi si unanivalisha wewe?"

"Kwani mimi ni msaada?" Alimkazia macho, na safari hii hakuwa anatania. "Msaada ni wa watu baki. Mimi ni mkeo."

Fundi akajiuliza. Soksi zilimsumbua? Hazikumsumbua hata siku moja. Kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, mkewe akachuchumaa na kuvuta soksi huku akimmwagia habari za mtaa mzima, na soksi zikawa zimeingia kabla habari haijaisha.

"Sifuri," akasema.

Mkewe akaizungushia sifuri duara nadhifu, kama mtu anayeshona tundu la kifungo. Kuanzia hapo aliyaruka yale maneno manne. Ya nini kupoteza pumzi kwa maneno yasiyowahusu?

"Kuokota kalamu sakafuni."

"Mimi siangushi kalamu. Naangusha pini."

"Na pini naokota mimi. Unapata taabu?"

"Hapana."

"Sifuri. Kufikia rafu ya juu?"

Rafu ya juu ilikuwa na nyuzi za rangi, na nyuzi za rangi alizishusha mkewe. Moja, kwa ajili ya heshima. Ugumu wa asubuhi, karatasi iliuliza, unadumu muda gani tangu unapoamka? Fundi alihesabu tangu miguu yake inapogusa sakafu. Kabla ya hapo mkewe alikuwa ameshaamka saa nzima, ameshachemsha maji, amemwekea taulo za moto mgongoni, amemkunja goti moja baada ya jingine na kumgeuza ubavu polepole. "Dakika ishirini," Fundi akasema. Saa ya mkewe haikuandikwa popote.

Wastani ukatoka mbili na nusu. Daktari, mtu mpole aliyekuwa na wagonjwa hamsini nje ya mlango wake, akatazama ile namba na kusema, "Unaendelea vizuri." Wakarudi nyumbani wameshikana mikono kama watoto waliofaulu.

Kwa jumla walikwenda mara nane katika miaka miwili. Mbili na nusu. Mbili nukta nane. Tatu kasoro. Nne ilikaa kule kule ilikokuwa, na sindano zikaenda kwa wengine. Fundi aliitaka ile sindano, tusidanganyane. Nyakati nyingine, akiwa peke yake kwenye cherehani, maumivu yalimkaba mpaka akang'ata kipande cha kitambaa ili wateja wasisikie. Lakini aliamini kwamba wanaopewa wana hali mbaya kuliko yake, na mtu hawezi kumnyang'anya mwenzake dawa.

Aliyekosa amani ni nesi. Sikio lilikuwa limetoka kumi na sita likafika kumi na tisa.

"Tepu inasema lake na karatasi inasema lake," alimwambia mara ya nane. "Baba, unajibu ukweli kweli?"

"Mimi si mtu wa kulialia."

"Wala hasemi uongo huyu," mkewe akadakia. "Ndiye fundi pekee mjini asiyekudanganya siku ya kuchukua nguo."

Nesi akacheka, na suala likaishia hapo.

Katika mwaka ule wa pili, mkewe alianza kutaka magauni marefu. "Shusha pindo vidole viwili," alisema. Fundi akashusha. Miezi miwili baadaye, "Shusha tena kidogo." Alipompima, Fundi alishika tepu begani, na mkewe mwenyewe akaishika upande wa chini na kumsomea namba, kwa kuwa mwenye tepu hakuweza kuinama. Fundi akaandika kwenye daftari lake la vipimo: mia ishirini na nane. Kisha mia thelathini na moja. Kisha mia thelathini na tano, urefu wa kufagia vumbi.

"Wewe unarefuka, mimi nafupika," akamtania.

"Uzee unataka stara, Fundi. Shona."

Akashona. Miguu ya mkewe hakuwa ameiona sawasawa kwa miaka. Ilikuwa kule chini pamoja na pini na vipande vya uzi, mahali ambapo macho yake hayakufika tena. Aligundua kwamba siku hizi mkewe anapumzika katikati ya ngazi, na kwamba kati ya soksi ya kwanza na ya pili anavuta pumzi ndefu.

"Umechoka, Mama?"

"Nimechoka kumvalisha mwanamume mzima na ndevu zake."

Wote wawili wakacheka, yeye akaridhika. Mpaka leo kicheko hicho ndicho kinachomuuma kuliko vyote.

Wiki moja kabla ya kwenda kliniki mara ya tisa, asubuhi, taulo za moto zilikuwa zimemaliza kazi yake na Fundi amekaa ukingoni mwa kitanda. Soksi ya kushoto ilikuwa imeingia. Mkewe alikuwa akimsimulia jinsi jirani alivyomfukuza mbuzi wa watu aliyekula nguo kwenye kamba. "Basi yule mbuzi akageuka," alisema, "akamtazama hivi..." Hakumaliza. Fundi akasikia kichwa cha mkewe kimetua gotini pake.

Akadhani ni mzaha. "Mama, inuka, mguu unapata baridi." Kichwa kikateleza. Akasikia mwili ukifika sakafuni, hakuuona.

Akainama. Yaani alijaribu. Mkono wake ulifika chini kidogo ya goti, ukaishia hapo. Akajaribu tena, mgongo ukakataa kama ubao. Vidole vyake vilikuwa hewani, mkewe yuko chini yake kwa kiasi cha mkono mmoja tu, na hakuweza kumgusa. Akaita jirani kwa sauti ambayo hakujua kama anayo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mgongo ukaze: akajiachia. Alianguka kama gunia, ubavu ukagonga kitanda, akalala sakafuni kando ya mkewe. Njia ya kuinuka hakuwa nayo, wala hakuitaka.

Kutoka hapo chini ndipo alipoiona miguu ya mkewe. Gauni lilikuwa limepanda. Ilikuwa imevimba hadi magotini, ngozi inang'aa, mikanda ya kandambili imeacha mifereji. Fundi akaiangalia miguu hiyo mpaka jirani alipovunja mlango, na jirani, alipowaona wamelala hivyo, alidhani amepoteza wote wawili.

Moyo, walimwambia binti hospitalini. Ulikuwa umedhoofika muda mrefu, na maji yalikuwa yakishuka miguuni pengine mwaka mzima au zaidi. Kama angepimwa mapema, zipo dawa.

Msibani watu walisema lile ambalo husemwa: mficha maradhi, kifo humuumbua. Fundi alilivumilia mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mara ya nne akageuka mwili mzima kumwelekea aliyesema.

"Hakuficha yeye," akasema. "Aliyeshona yale magauni ni mimi."

Wakadhani ni majonzi tu yanayosema. Binti peke yake ndiye aliyeelewa, maana yeye ndiye aliyemwosha mama yake, na yeye ndiye aliyelikuta daftari la vipimo mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wenye namba tatu: mia ishirini na nane, mia thelathini na moja, mia thelathini na tano. Mwaka mzima Fundi alikuwa ameupima ugonjwa wa mkewe kwa mkono wake na kuuandika kwa kalamu yake, akadhani anapima kitambaa.

Binti alikaa wiki tatu, kisha ikambidi arudi kwa watoto wake. Fundi akaenda kliniki peke yake, miguu haina soksi, kifungo kimoja cha shati hakijafungwa. Nesi akachungulia nyuma yake.

"Shikamoo baba. Mama yuko wapi leo?"

Akamwambia. Nesi akakaa, tepu ikiwa bado shingoni. Kisha akainuka, akampima kama kawaida, akavuta kiti karibu, akachukua karatasi na kumsomea yeye mwenyewe.

"'Kuvaa soksi, bila msaada wa mtu.'"

Fundi alikuwa ameyasikia maneno hayo mara moja tu, miaka miwili nyuma, kwenye benchi lile la nje. Yakamrudia na sauti ya mkewe, na macho yake yaliyomkazia.

"Kumi," akasema.

"Kuokota kalamu sakafuni, bila msaada wa mtu?"

"Kumi."

"Kuinuka kutoka sakafuni?"

Fundi akafumba macho. Nesi akazungushia kumi. Ugumu wa asubuhi, tangu unapoamka? Saa mbili na zaidi. Wastani ukatoka: saba nukta sita.

"Ugonjwa umepanda ghafla," daktari akasema, akiitazama namba kwa wasiwasi wa kweli. "Hii ni sindano mara moja."

"Daktari," nesi akasema taratibu, "tepu haijasogea. Sikio lilikuwa kumi na tisa mara iliyopita. Leo ni kumi na tisa."

Daktari akamtazama Fundi, kwa mara ya kwanza akamtazama kwa muda. "Sasa kilichobadilika ni nini, mzee wangu?"

"Mke wangu amefariki."

Daktari akafungua faili. Akazitoa karatasi za nyuma moja moja, nane zote, na kidole chake kikapita juu ya zile sifuri zenye duara nadhifu. Alikwenda polepole, na kila karatasi uso ukazidi kumshuka.

"Sindano hii," akasema mwishowe, "ulistahili tangu siku ya kwanza."

Mtu mwingine akiambiwa neno kama hilo huinamisha kichwa, akafunika uso. Fundi hakuweza. Alilia hivyo hivyo, uso wima, machozi yakishuka mbele ya daktari na nesi na mgonjwa aliyekuwa amechungulia mlangoni, na hakuwa na pa kuyaficha.

Nje kwenye benchi, nesi alimletea maji.

"Mwanangu, niambie. Kuinama kwingi kunaua moyo?"

"Hapana, baba. Moyo ulikuwa na ugonjwa wake."

"Lakini kama ningepewa sindano, angepata nafasi ya kujishughulikia mwenyewe." Akanywa kidogo. "Alikaa kwenye benchi hili mara nane. Hapa hapa, hospitalini. Mnanipima mimi tu, na yeye ameshika shati langu."

Nesi akakifunga kile kifungo cha shati kilichobaki wazi, na Fundi akamwacha akifunge.

Sindano ilifanya kazi yake, tusiinyime haki. Mwezi wa pili Fundi aliamka na kukuta maumivu yamekwenda zake. Mwezi wa nne aligeuka kitandani bila kupiga kelele. Shingo haikurudi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na miaka ile miwili ilikuwa imemkausha. Lakini alikata waya wa kutundikia nguo, akaukunja na kutengeneza kitu cha kuvutia soksi, na asubuhi moja, baada ya mapambano marefu, soksi ya kushoto ikaingia. Akaitazama ya kulia iliyobaki kitandani. Siku hiyo alienda dukani kwake na soksi moja.

Miezi sita ilipotimia, nesi alimpima na kumsomea karatasi. Soksi, nne. Kalamu, tatu. Ugumu wa asubuhi, nusu saa, na safari hii alihesabu tangu alipofumbua macho.

"Mbili nukta sita!" nesi akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Hongera, baba."

Fundi akangoja. Kuna mtu alitakiwa aseme hapo kwamba umefeli tena, tukajipongeze. Kisha akamgeukia nesi, mwili mzima.

"Zile za zamani bado mnazo?"

"Zipo kwenye faili."

"Naomba uzirekebishe."

"Za zamani hazifutwi, baba. Ni kumbukumbu."

"Sitaki ufute. Andika pembeni tu, mtu akizisoma asidhani zile sifuri ni zangu."

Nesi akafungua faili. Akaichukua karatasi ya kwanza, na pembeni mwa sifuri ya soksi akaandika kitu, kisha akaiinua hadi usawa wa macho ya Fundi ili aweze kusoma. *Alisaidiwa na mkewe.*

Fundi akaisoma mara mbili.

"Hapana," akasema. "Kwa neno hilo angekukasirikia. Yeye hakuwa msaada."

"Niandike nini basi?"

Akafikiri, mkono wake ukishika tepu ya nesi iliyokuwa mezani, akiikunjua na kuikunja tena.

"Andika alikuwa na mkewe."

Nesi akapiga mstari kwenye yale ya kwanza, akaandika hivyo. Kisha akavuta karatasi ya pili, na ya tatu, na Fundi akasimama pale akimsubiri mpaka akamaliza zote nane.